Unataka kushusha injini ya pikipiki? Ununue nini cha kuishikilia, kuanzia kizuri mpaka cha kukwepa

Wakuu, minada ya korosho ikianza kulipa ndo utaona pikipiki zinafumuliwa injini huku Mtwara kuanzia Mikindani mpaka Tandahimba, mtu kashika hela anataka pistoni mpya, bloku mpya, gia mpya, ila ukimuuliza chombo kitasimama kwenye nini injini ikitoka anakuonyesha dabo stendi, ile ya miguu miwili ya katikati. Sasa hapo ndo pa kuongea.

Dabo stendi inabalansi kwa sababu injini ipo. Injini ya hizi pikipiki za cc 125 na 150 inakaa mbele ya ile stendi, ukiitoa umetoa kilo ishirini na kitu hadi thelathini upande wa mbele, kwa hiyo uzito unahamia nyuma, tairi la mbele linanyanyuka na chombo kinakaa chini kama mbuzi aliyegoma kuvuka maji. Kama mkono wako uko ndani ya fremu unatafuta boliti, basi tena.

Kabla hujatoa hata mia, piga magoti uangalie chini. Je bomba la fremu linapita chini ya injini, au linaishia mbele afu injini yenyewe ndo inaunganisha mbele na nyuma? Kama linaishia hewani, kitu chochote unachoweka chini pale katikati kinashika injini, hakishiki pikipiki, na injini ndo unataka kuitoa. Angalia pia futiresti, zile za mtindo wa Honda Cub bomba la futiresti limefungwa chini ya injini yenyewe, usiegemeze chochote hapo. Na boliti ya swingamu (ule mkono unaoshika tairi la nyuma), kuna vyombo inapita mpaka kwenye injini, ukiichomoa na mkia wote unaachia.

Ya kwanza kwangu: stendi ya kuchomelewa hapahapa pamoja na jeki ya mkasi. Mtafute fundi wa kuchomelea, mwambie akutengenezee ya bomba la mraba, inyanyue fremu nyuma ya injini karibu na boliti ya swingamu, vichwa viwili juu viwe na umbo la V uvivalishe mpira wa tyubu fremu isiteleze. Miguu iwe imetanuka, walau upana wa usukani, na usikubali bomba linalozuia upande wa kutolea injini, mwonyeshe kabisa kwenye pikipiki yako kabla hajakata chuma. Ukienda kuchukua gonga ile slagi, ukoko wa juu ya uchomeleaji, itoke uone uchomeleaji wenyewe, ukikuta vitobo vitobo au chuma kimeshikana juujuu tu rudisha, rangi inaficha mengi. Tairi la mbele linabaki chini, la nyuma uliwekee ubao mkia usishuke injini ikitoka kama kwenye dabo stendi, breki ya mkono umeifunga na mpira wa kufungia mizigo, gogo moja mbele na jingine nyuma ya tairi. Jeki ya mkasi kazi yake ni injini peke yake. Naipenda kwa sababu inaenda kwa skrubu, haishuki mpaka uizungushe, na wakati wa kurudisha unahitaji kupanda kidogo kidogo mpaka tundu la fremu na la injini yaonane boliti iingie kwa vidole. Weka ubao kati ya jeki na injini, na ubao usiguse nati ya kumwagia oili maana ule mwili ni aluminiamu, ukipasuka pale hela ya korosho yote inaishia hapo.

Ya pili chenibloku, ile winchi ya mnyororo ya kutundika juu. Kwa mwenye gereji inaweza hata kuwa ya kwanza, nusu tani inatosha kabisa na inabaki. Unaning'iniza fremu kwa mikanda ya kunyanyulia, mmoja shingoni kwenye usukani (fremu, sio usukani wenyewe), mwingine chini ya siti, usifunge kwenye keria. Shida ni pa kuitundika. Huku wengi gereji ni kivuli cha mwembe au mkorosho, na mimi tawi silikabidhi pikipiki wala mtu aliye chini yake, chomelea miguu mitatu ya bomba nene. Dukani angalia ndoano kama ina kile kilimi cha kuzuia mkanda usichomoke, na kwa huu upepo wa chumvi mnyororo upake oili usije ukala kutu.

Kama hela haipo kabisa, laza. Mwaga oili, toa tenki, toa betri, laza pikipiki juu ya tairi kuukuu la gari, fungua boliti afu wawili mnanyanyua fremu mnaiacha injini chini. Kwa vyombo vyepesi inafanya kazi, nami naiweka ya tatu bila aibu.

Stendi ya nyuma ile ya kushika swingamu inapendeza ila imetengenezewa pikipiki kubwa za mbio, kwa bodaboda sioni sababu ya kuisafirisha na basi kutoka Kariakoo.

Jeki ya chupa, ile inayopanda kwa oili, peke yake hapana. Kichwa chake kidogo, inataka kuteleza, na sili ikichoka inashuka polepole huku wewe unaangalia kwingine. Tofali za saruji ndo mkiani, hazikupi taarifa, zinapasuka ghafla. Kreti za soda vilevile, zipo kwa ajili ya soda.

Na chochote utakachonunua, ukifanyia kazi kwenye mchanga, na Lindi mpaka Mtwara mchanga ndo wenyewe, nunua na kipande cha plaiwudi nene uweke chini ya miguu ya stendi na kingine chini ya jeki, kisha kabla hujalegeza boliti ya kwanza ya injini tikisa chombo kwa nguvu kushoto kulia uone kama kuna mguu unazama.