TAHADHARI: Viza ikishatoka, usimtumie wakala "ada ya kadi"

Mnamjua, jina silitaji. Yule wakala anayesifiwa kila kundi la wanaohamia Marekani ni mwizi, na anampora mtu tonge likiwa limeshafika mdomoni.

Kazi yake huwa hivi. Pasipoti inatoka ubalozini na viza ya uhamiaji ndani. Kwa furaha, mtu anampigia picha zile karatasi zote na kumtumia, na ahsante juu. Usiku uleule simu inaita: "Hongera, lakini hujalipia kadi ya kijani. Ukipanda ndege hivyo, utarudishwa." Kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha mkazi wa kudumu wa Marekani. Kabla mtu hajatulia, inaingia ankara yenye nembo, majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kesi, hakuna tarakimu iliyokosewa. Dola 600 kwa kila kichwa, watoto wamo. Tiketi imeshakatwa, nyumba imeshaachwa, nani abishane saa nne usiku? Anatumiwa jina la "karani wa idara" wa kupokea kwa Western Union. Pesa zinakwenda. Asubuhi hapatikani.

Na msiwaite wajinga waliolizwa. Huyu aliwajazia vizuri DS-260, ile fomu ya kuombea viza ya uhamiaji, na kuwaandaa kwa mahojiano, yote yakaenda sawa. Tena ada yenyewe ipo kweli, ndiyo maana uongo wake unashika!

Ila tangu 1 Aprili 2024 ni dola 235 kwa mtu, na inalipwa moja kwa moja kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, kwenye tovuti yake inayoishia na .gov, kwa kadi ya benki au akaunti ya benki ya Marekani. Zinatakiwa namba mbili tu: ile inayoanza na herufi A, na namba ya kesi. Zote zimo kwenye karatasi za ubalozini, na ndizo hizohizo watu walizompigia picha. Huna kadi ya benki? Ndugu yako anaweza kukulipia. Watoto wa kuasiliwa wanaoingia kwa viza za IR-3 na IR-4 hawalipi kabisa, lakini huyu mlafi anawatoza.

Kuhusu kurudishwa, ni uongo mtupu. Usipolipa, kadi haitumwi, basi. Viza yako ikigongwa muhuri pale unapoingia Marekani, inakuwa ushahidi wa ukazi wa kudumu kwa mwaka 1, na ada unaweza kulipa ukiwa kulekule.

Kuna na hili la anwani. DS-260 inauliza kadi itumwe wapi, na yeye huandika anwani ya mtu wake. Kadi inafikia huko, halafu unadaiwa "gharama za kuitoa". Aliyejaziwa na huyu mtu aitazame fomu yake leo, na kama anwani si yake amwambie ofisa anayempokea mpakani airekebishe.

Dalili? Haraka, usiku, jina la mtu binafsi. USCIS haipokei Western Union, MoneyGram wala kadi za zawadi.

Nawaomba mliolizwa msifiche kwa aibu. Risiti, ankara na namba ya simu pelekeni polisi, na mlioko Marekani ripotini pia kwenye reportfraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya huko ya kuripoti utapeli. Huyu asiachwe hivihivi. Afungwe, na kila dola aitapike.