Seti ya kutengenezea sabuni nyumbani: kalibu safi, mizani ya mashaka

Nimeitumia seti hii miezi minane, nimepika sabuni mara kumi na moja, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya kufungua boksi. Boksi lenyewe limeandikwa kwa herufi nene: JITEGEMEE. Hilo ndilo neno lililoninasa. Tunaishi shamba, maji tunakinga ya mvua, tuna kuku na mbuzi wawili wa maziwa, na sabuni ilikuwa imebaki kati ya vitu vichache vilivyonipeleka dukani kila mwezi bila kukosa.

Ndani unakuta kalibu ya silikoni iliyovalishwa kasha la mbao, mizani ya kidijitali, kipimajoto, mwiko, glovu, miwani ya kinga na kijitabu cha kurasa 24. Mafuta na kostiki (kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) unatafuta mwenyewe.

Kalibu naisifu bila kusita. Gramu 500 za mafuta, pamoja na maji na kostiki yake, zinaingia bila kumwagika. Kasha la mbao linatunza joto, sabuni inaganda sawasawa kuanzia katikati hadi pembeni. Kesho yake unaivuta silikoni, mche unatoka mzima, kona zake kali, unaukata vipande sita. Mara kumi na moja haijawahi kunishikia hata kidogo.

Mizani sasa. Mizani hii inahesabu kwa kuruka gramu tano tano: 65, 70, 75. Kwa kupima mahindi si tatizo. Kwa sabuni ni balaa, na nitaeleza kwa nini. Mchanganyiko wangu ni mafuta ya zeituni gramu 300, ya nazi 150 na siagi ya shea 50. Mafuta hayo yana uwezo wa kula kostiki gramu 74 hivi. Hutii zote, unapunguza asilimia 5, unatia 70, ili mafuta kidogo yabaki huru yasikaushe ngozi. Yaani usalama wako wote umekaa ndani ya gramu nne, na unapewa mizani isiyoziona gramu nne! Nilipoanza kuishuku nikachukua bomba la sindano la mililita 20, nikamimina maji mara tano, jumla mililita 100, yaani gramu 100. Mizani ikasema 95. Nikarudia, ikasema 105.

Mkupuo wangu wa pili ndio ulionifungua macho. Sabuni ilitoka ngumu, inamong'onyoka kisuni, juu imeota unga mweupe. Niliigusa kwa ncha ya ulimi, ikanipiga kama betri. Hiyo ni kostiki iliyokosa mafuta ya kula. Sikuitupa. Niliikwaruza yote, nikaiyeyusha kwa moto mdogo na maji kidogo, nikaongeza gramu 50 za zeituni kwa kukisia. Ilitoka na sura ya jiwe la mtoni, lakini ulimi ulitulia, na tuliifulia nguo hadi ikaisha. Baada ya hapo nilinunua mizani inayosoma gramu moja moja, na shida hiyo sijaiona tena.

Kijitabu kina mazuri yake. Kinasisitiza kwamba kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na kwamba uchanganyie nje penye hewa, kwa sababu maji hayo yanapanda moto hata kupita nyuzi 80. Kinakataza sufuria ya alumini, na ni kweli: kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Ila ukurasa wa 9 unasema ukirukiwa upake siki. Ukurasa huo nimeuchana. Kostiki ikikurukia, maji, maji mengi yanayotiririka, na muda mrefu. Siki ikikutana na kostiki inazalisha joto jingine juu ya ngozi ambayo tayari inaungua.

Tena kinasema sabuni iko tayari baada ya wiki moja. Tayari kwa nani? Kazi ya kostiki na mafuta inakaribia kwisha siku moja au mbili za mwanzo, ni kweli, lakini maji bado yamo. Kipande changu siku ya kukatwa kilikuwa na gramu 118. Baada ya wiki sita rafuni, 102. Kile tulichokiwahi wiki ya kwanza kiligeuka ute kwenye kisahani kabla ya Jumapili. Na mapishi yao ya kwanza ni mafuta ya nazi matupu. Povu utaliona, tena jingi, ila viganja vya mke wangu vilipasuka akaniuliza kama nilitengeneza sabuni au dawa ya kutolea rangi.

Nirudi kwenye neno lao kubwa. Nitajitegemea vipi ikiwa kostiki inatoka kiwandani? Kijitabu hakisemi lolote kuhusu majivu, ambayo maji yake makali hushika nafasi ya kostiki, nikaamua kujaribu mwenyewe. Majivu ya kuni ngumu nikayajaza kwenye pipa lenye tundu chini na nyasi za kuchujia, nikamwagia maji ya mvua pole pole. Maji yaliyochuruzika yalikuwa ya rangi ya chai, yanateleza kwenye glovu. Nikayachemsha hadi yai likaelea, dalili kwamba yamekolea, nikayapika na mafuta. Siku mbili za moto na moshi, na nikapata chupa moja ya sabuni laini kama jeli. Haikugandia kalibu na haingeganda, kwa sababu majivu hutoa potasiamu, na sabuni ya potasiamu hubaki laini. Ni nzuri kwa sakafu na banda la mbuzi. Usoni siipeleki, majivu ya leo na ya kesho hayana nguvu moja, na hakuna mizani ya kuniambia tofauti.

Kwa hiyo kostiki bado nanunua, kopo moja kwa miezi mingi, na sabuni ya dukani sijainunua tangu mkupuo wa nne. Kwangu hiyo inatosha kuitwa nusu ya kujitegemea, na boksi lingeandika hivyo nisingenuna.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili na nusu kati ya hizo ni za kalibu. Wakiiuza peke yake nachukua ya pili leo hii. Mizani nilimpa mwanangu, anapimia chakula cha kuku. Kuku hawajalalamika.