Mizani ya chini ya mtungi wa gesi: uzoefu wangu jikoni, Mombasa

Kati ya vipimo vyote vya gesi ya mtungi nilivyotumia, mizani ya kuweka chini ya mtungi ndiyo pekee niliyoiamini. Ila ina sharti: kila mtungi mpya ukiingia, uiingizie namba moja sahihi. Anayeinunua akidhani ataiweka na kuisahau, ataishia kusoma asilimia za uongo.

Yangu ni sahani ya plastiki ngumu, mviringo, upana wake sentimita 30 na ushei, ina miguu minne na kila mguu una kihisi cha uzito. Inabeba hadi kilo 50, inasoma kwa hatua za gramu 10, inakula betri tatu za AAA na kupeleka namba kwenye simu kwa Bluetooth. Kuna toleo la Wi-Fi pia. Jina silitaji kwa sababu sahani hiyo hiyo huuzwa kwa majina kadhaa, kila moja na programu yake ya simu. Iko chini ya mtungi wa kilo 13 wenye jiko la bana mbili.

Wengi wataniuliza kwa nini nisinunue geji ya sindano, ile inayofungwa kati ya mtungi na regyuleta, maana ni rahisi zaidi. Geji inapima presha, haipimi kiasi. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya maji, na juu yake pana mvuke. Maadamu hayo maji yapo, hata yakiwa kikombe kimoja, presha ya mvuke hufuata joto la mtungi. Propane tupu kwenye nyuzi 30 hutoa karibu bar 10, butane tupu haifiki 3, na gesi tunayouziwa ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo presha yake huangukia katikati. Katika joto la kaskazi, sindano itakaa kwenye kijani mpaka siku gesi inapoisha, kisha ishuke ghafla. Tena propane huwahi kuvukiza, mtungi unaoelekea mwisho ukabaki na butane nyingi, na sindano ikateremka kidogo kidogo. Mtu huona ule mteremko akadhani anasoma kiasi. Faida ya geji ni moja: funga bana zote, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, kisha tazama kama sindano inashuka, ikishuka, kuna mahali panavuja. Kwa kazi hiyo ninayo na ninaipenda.

Sasa turudi kwenye mizani na namba yake. Uzito unaosomwa ni wa chuma, gesi, regyuleta na kipande cha mpira kinachoning'inia. Gesi unaipata kwa kutoa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu, karibu na mkono wa kushikia, mara nyingi ukiwa na herufi TW au neno TARE. Tatizo la kwetu ni kwamba hujaziwi mtungi wako: unatoa mtupu, unapewa mwingine uliojaa. Mtungi mmoja unaweza kuwa umegongwa 13.6 na unaofuata 14.9. Ukiacha namba ya zamani kwenye programu, tofauti ya kilo 1.3 ni asilimia kumi ya gesi yote. Mtungi mzito utakwambia una gesi ambayo haipo, nawe utazimikiwa na moto wali ukiwa haujakauka huku simu ikisema asilimia kumi.

Namba hizo hazisomeki kirahisi. Mitungi hupakwa rangi juu ya rangi mpaka mashimo yanajaa. Pangusa pale mahali, sugua chaki au unga mkavu, kisha futa kwa kiganja: weupe unabaki ndani ya namba. Kama bado haisomeki, elekeza tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Na usichanganye TW na namba nyingine zilizogongwa hapo: kuna ujazo wa maji kwa lita, presha ya majaribio, na tarehe. Uzito wenyewe kwa mtungi wa chuma wa kilo 13 huwa haupishani sana na ule wa gesi yake, kwa hiyo ukisoma 26 jua umeshika namba nyingine.

Uhakiki ni rahisi. Mtungi mpya, kabla ya kufunga regyuleta, uweke juu ya mizani. Kilichogongwa 13.6 kinatakiwa kisome karibu 26.6. Kikisoma 25.4 umepunjwa, na ubishane na muuzaji wakati huo huo, siyo baada ya kupika. Bora zaidi aupime yeye mwenyewe mbele yako dukani kabla ya kijana wa bodaboda kuupakia. Baada ya kufunga regyuleta soma tena; ile nyongeza ndiyo unaingiza kwenye programu kama uzito wa ziada. Kwangu ni gramu 420.

Mpira ndio unaosumbua watu wengi bila wao kujua. Ukiwa mfupi au mkavu, unauvuta mtungi kuelekea juu na mizani inapoteza gramu 200 au zaidi. Ukisukuma jiko kidogo, namba zinaruka. Acha mpira upinde kwa ulegevu kabla ya kufika kwenye jiko, usiguse ukuta wala mlango wa kabati. Sakafu nayo iwe sawa: vihisi vinne hugawana mzigo, na mguu mmoja ukining'inia kwenye kiungo cha vigae, usomaji utatofautiana kila unapogusa mtungi. Kipande cha plaiwudi cha milimita 12 chini ya sahani kinamaliza kazi. Usiweke zulia wala kapeti.

Utaratibu wangu wa kuianza ni huu: washa mizani ikiwa tupu, ngoja nusu dakika, rudisha sifuri, pandisha mtungi taratibu bila kuudondosha (vihisi vya kilo 50 havipendi kishindo), ngoja tena, ndipo uingize TW na uzito wa ziada. Usibonyeze sifuri mtungi ukiwa juu. Kitufe kile kiko mbele kabisa na watoto hukipenda. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya, lazima ushushe mtungi uanze upya. Huo ni ubunifu mbovu na sioni sababu ya kuutetea.

Kinachonifanya niendelee kuitumia ni mchoro wa matumizi. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu kilowati-saa 12.8. Bana kubwa ya kilowati 3 ikifunguliwa mwisho hula kama gramu 230 kwa saa, hivyo kilo 13 ni saa hamsini na kitu za moto mkali, na nyingi zaidi kwa moto mdogo. Ukijua hesabu hiyo, mchoro unasomeka. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha na yasiyolowekwa yanaonyesha tofauti iliyo wazi. Kukaanga mahamri kunakula kuliko unavyodhani, kwa sababu karai la mafuta halifunikwi. Ramadhani mstari unakuwa mwinuko mkali kati ya alasiri na magharibi, kaimati na sambusa na viazi vya nazi vikipikwa pamoja. Onyo nimeliweka kwenye kilo 1.5, siyo asilimia 10 waliyoiweka kiwandani. Kilo 1.5 ni saa sita na nusu za bana kubwa, yaani naweza kumaliza pilau ya wageni na bado nikawahi duka kesho yake.

Usahihi wake kwa siku ni mzuri, kwa usiku ni wa kutilia shaka. Mtungi usioguswa kabisa unaweza kuonekana umepungua au umeongezeka gramu 20 hadi 60 kufikia alfajiri. Vyuma vya vihisi huchoka kidogo chini ya mzigo wa kudumu, na joto la jikoni likibadilika navyo hubadilika. Kwa hiyo programu inayokupigia kengele ya "uvujaji" kwa gramu 40 inakutisha bure. Mizani si king'amuzi cha uvujaji. Ukishuku, paka maji ya sabuni kwenye kichwa cha mtungi, kwenye regyuleta na ncha zote mbili za mpira, utazame mapovu. Kiberiti usikiguse.

Kuhusu usalama kuna jambo ambalo karatasi ya maelezo haikulitaja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na mizani ndipo ilipo. Toleo la betri ni afadhali. Lile la kuchomeka kwenye soketi linakuletea waya na adapta chini ya kabati, mahali pale pale gesi inapokusanyika ikivuja. Ukisikia harufu, usiende kuchomoa kitu, usibonyeze kitufe, usiwashe feni. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, utoke.

Bluetooth inanitosha kwa kuwa jiko na sebule vinatazamana. Kwenye nyumba za kuta nene za mawe, kama zile za Mji wa Kale, chumba cha pili hakipati kitu. Wi-Fi inatatua hilo lakini inamaliza betri upesi zaidi, na mizani nyingi hushika masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta iliyowekwa 5 GHz peke yake haitaiona. Umeme ukikatika na kurudi, toa betri na kuzirudisha ikiwa haijajiunga yenyewe.

Adui mkubwa hapa Pwani ni chumvi. Springi za betri hushika kutu ya kijani, mizani ikaanza kuzimika ovyo, na watu huitupa wakidhani imeungua. Sugua ncha kwa msasa laini, pangusa na spiriti, paka vaselini kidogo sana. Kitako cha mtungi nacho hudondosha magamba ya kutu yanayoingia kwenye upenyo kati ya sahani na fremu yake. Chembe moja ikikwama, mizani inasoma pungufu na haibadiliki hata ukibonyeza mtungi. Mkeka mwembamba wa mpira juu ya sahani unazuia hilo. Uweke kabla ya kurudisha sifuri. Mtungi ukikaa baraza ya nje, kwenye jua na mvua ya masika, usinunue kifaa hiki.

Vile vipimo vya sumaku vinavyobandikwa chini ya mtungi na kupima kimo cha gesi kwa mawimbi ya sauti nimevijaribu na nikaviacha. Vinahitaji jeli, chuma kisicho na kutu, na nafasi chini ya kitako. Orodha ya mitungi kwenye programu ni ya nje: ratili 20, kilo 11; kilo 13 ya kwetu inabidi uiandike kwa mkono. Halafu mwendo wa sauti hubadilika kwa mchanganyiko wa propane na butane, na chini ya mtungi pamejipinda, kwa hiyo sentimita chache za mwisho, ambazo ndizo unazotaka kuzijua, ndizo kinazokosea zaidi.

Asiyetaka kutumia pesa nyingi anunue mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya safari, ya kilo 50. Vua regyuleta, nyanyua mtungi, toa TW. Haina mchoro wala onyo, lakini hesabu ni ile ile na haikai kwenye kutu. Mizani ya kujipimia uzito wa mwili inafaa pia, ingawa inaruka kwa gramu 100 na hujizima baada ya sekunde chache, kwa hiyo haiwezi kukaa chini ya mtungi. Na kwa bure kabisa, unyevu wetu unasaidia: pika na bana zote mbili kwa moto mkali nusu saa, kisha tazama ubavu wa mtungi. Maji yanayovukiza hupoza chuma, na jasho hujikusanya hadi pale yalipofika, mstari ukaonekana wazi, chini umelowa na juu mkavu.

Wenye meko ya kilo 6, ile ambayo bana hukaa juu ya mtungi wenyewe, wajue kwamba mizani hii itahesabu pia sufuria. Ukitenga maji lita tatu, programu inaamini umejaza gesi kilo tatu, na yakichemka na kupungua inaamini unaitumia kwa kasi ya ajabu. Zima onyo la programu, uingize uzito wa bana kama uzito wa ziada, na usome asubuhi kabla hujatenga chai.