Joe Louis na Muhammad Ali: nani bondia bora zaidi wa uzito wa juu?

Kwa kudumu na taji, Louis hana mpinzani: 1937 hadi 1949, akilitetea mara 25. Ngumi zake zilikuwa fupi, hazionekani zikianza. Kasoro ilikuwa moja: akishapiga kushoto, mkono ulirudi chini, na Max Schmeling akapitisha kulia hapohapo mpaka akamlaza raundi ya 12, mwaka 1936. Marudiano ya 1938 Louis aliyamaliza raundi ya kwanza.

Hata hivyo namweka Ali juu, kwa sababu ya aliowapiga: Liston, Frazier, Foreman. Kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma kulimponza 1971, Frazier alipomwangusha kwa kushoto raundi ya 15. Kinshasa 1974 Ali aliegemea kamba za ulingo, Foreman akachoka kwa kurusha ngumi, akaanguka raundi ya 8.