Waranti ya miezi 6 ya yadi niliyonunua gari: injini wanakava, vilivyomo ndani ya injini hawakavi

Nawapa nyota mbili. Ningeandika hii wiki ile nimechukua gari wangekula nne, ningeandika siku waliponipa barua ya kunikatalia wangekula sifuri, kwahiyo nimekata katikati tu. Jina la yadi siweki maana mwishoni tulisainishana karatasi kwamba hatutajani, ila ni moja ya zile yadi za Dar zenye vibendera getini na magari yanang'aa utafikiri yametoka kiwandani jana, na ninachosema kinahusu yadi nyingi tu, hizo fomu zao za waranti ukizisoma mbili tatu utadhani zote zilichapwa stesheneri moja.

Nianze na mazuri yao. Dada wa makaratasi pale ni mtu wa maana sana, kadi ilibadilishwa jina TRA bila mizunguko, bima akanitafutia ya bei nzuri, hakuna hata shilingi ya "ya soda" niliyoombwa. Gari lenyewe, kijapani, cc 1800, la mwaka 2012, lilikuwa safi, AC inagandisha, tairi mpya, na chini limepulizwa rangi nyeusi tii kuanzia mbele mpaka nyuma. Hiyo rangi nyeusi ishikilieni, tutarudi kwayo. Sales wao kijana mchangamfu, muda wote "dada'angu", dada'angu kaa hapa, dada'angu unakunywa maji baridi au ya kawaida.

Bango lao limeandika kwa herufi kubwa INJINI NA GIABOKSI WARANTI MIEZI 6. Karatasi unayosaini sasa ndo ina mambo: miezi 6 au kilomita 10,000, kinachotangulia. Service zote kwenye gereji yao. Gari likigoma lipelekwe gereji yao kwa gharama ya mteja. Fundi wao ndo mwenye neno la mwisho. Nilisoma yote nikasaini, service ya kwanza nikafanya kwao hao hao, oil na filta yao, nikachukua risiti ya EFD nikaiweka kwenye dashibodi.

Mwezi wa nne hivi tangu ninunue tunaenda Morogoro, mimi na mama mkwe. Tumeshapita Chalinze, hatujafika Bwawani, taa nyekundu ya oil ikawaka, ile yenye alama ya birika, na sekunde hizo hizo nikasikia chini kok kok kok kama mtu anagonga geti kwa spana. Nikatoka barabarani, kabla gari halijasimama vizuri injini ikazima yenyewe. Kuwasha tena, inasema tik basi. Dereva mmoja wa semitrela alisimama mbele yetu akaja, mzee mtu mzima, akasikiliza tik moja tu akasema "mwanangu usiwashe tena, hiyo imejam, chomoa dipstiki tuone oil".

Wengi wanaijua hiyo taa kama taa ya oil kuisha, siyo. Ile nyekundu inakwambia presha ya oil imeshuka, na presha inaweza kushuka hata sampo, lile bakuli la oil chini ya injini, ikiwa imejaa. Pampu inafyonza oil kutoka chini kwenye sampo kupitia chujio la waya, mafundi wanaita streina, halafu inaisukuma kwenye metali, zile bati nyembamba zilizokaa kati ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na konrodi, zile fimbo zinazouunganisha na pistoni. Oil isipofika pale hata kwa dakika chache chuma kinasaga chuma, metali inayeyuka inazunguka, unasikia hiyo kok kok, na ukiendelea kidogo krenki inang'ang'ania kabisa. Kwahiyo taa ile ikiwaka unazima hapo hapo, hakuna cha kusema nifike sheli kwanza.

Dipstiki ikachomolewa, oil imefika alama ya juu. Yule mzee akaniambia "rekodi hiyo, rekodi na kilomita kwenye dashibodi, gari la yadi hilo? basi rekodi na chini kama kuna mahali inavuja". Mama mkwe ndo akashika simu. Video ni ya dakika moja na nusu, dipstiki inaonekana, lami chini kavu, kilomita zinaonekana, na sauti ya mama mkwe nyuma inasema Ee Mwenyezi Mungu tunusuru na usiku huu, mwanzo mpaka mwisho. Ile video imechezwa ofisini kwao mara nyingi kuliko tangazo lao la Instagramu.

Bredauni mpaka Dar laki nne na nusu, mfukoni kwangu, maana ndo sharti. Nimefika yadi yule kijana wa dada'angu akanipokea, ila sasa hivi nimekuwa "mama". Mama usijali, mama waranti ipo, mama acha funguo. Nikamwambia sawa, ila mtu asifungue chochote, hata bolti ya oil, mpaka fundi wangu afike kesho asubuhi. Akaitikia vizuri kabisa. Kesho yake tunafika, oil imeshamwagwa iko kwenye kidumu, na fundi wao mkuu anatuambia kwa huzuni ya msibani, "tumekuta lita moja tu humu ndani mama, injini imekaukiwa".

Hapa ndo kiini cha review yangu nzima. Kwenye haya mambo ya injini kufa, mtu wa kwanza kuifungua ndo anaandika historia yake. Akiwa yeye peke yake na ndo huyo huyo anayetakiwa kulipa, historia itatoka mteja hakuangalia oil, mteja alichemsha gari, mteja alipita kwenye maji. Wewe utabishana na kitu ambacho kimeshamwagwa kwenye kidumu.

Nikatoa simu nikawachezea video. Kimya. Mama mkwe anasali mle ndani ya ofisi, fundi mkuu anaangalia dari. Bahati nzuri sampo yenyewe walikuwa hawajaishusha, na fundi wangu, kijana mmoja wa Tandale mpole haongei sana, akalala chini na tochi akaanza kupiga picha bolti moja moja kabla hazijaguswa. Mimi nikaona anapoteza muda. Kumbe anapiga picha ile rangi nyeusi. Rangi imepita juu ya vichwa vya bolti za sampo na juu ya maungio yote, haijapasuka hata sehemu moja. Halafu akakwangua kidogo kwa ukucha pale kwenye maungio, chini ya ile rangi nyeusi kukatokea silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia maungio.

Sampo ikashushwa mbele yetu wote. Streina ilikuwa imezibwa na vipande vya hiyo silikoni nyekundu, vijinyuzi kama minyoo, vingine vimekaa kwenye waya vingine vinaelea chini na vumbi la chuma linalong'aa. Maana yake kuna mtu alishawahi kufungua sampo, akaifunga kwa kupaka silikoni kama anapaka siagi mkate wa watoto, ile iliyozidi ikabaki inaning'inia ndani, ikakatika taratibu, ikaenda kuziba. Mtu mwenye uzoefu anapaka uzi mwembamba anaacha ukauke kwa muda wake. Na kwasababu rangi ilikuwa juu ya silikoni, hiyo kazi ilifanyika kabla gari halijapulizwa rangi, na gari limepulizwa rangi yadi, wenyewe walinisifia hivyo hivyo siku nanunua kwamba chini tumekupigia rangi dada'angu kutu utaisikia kwa jirani.

Ungedhani yameisha. Wiki iliyofuata nikapewa barua, na kwenye barua sasa nimekuwa "Mteja". Sababu ya oil kupungua wameiacha kimya kimya kama haijawahi kutajwa. Sasa wanasema mteja aliendelea kuendesha baada ya taa kuwaka. Halafu aya ya mwisho ndo kali: waranti inahusu injini, haihusu "sehemu za ndani zinazochakaa kwa matumizi zikiwemo metali, ringi, pistoni, vali, cheni na pampu ya oil". Nikaisoma nikamuuliza yule dada wa makaratasi, mdogo wangu hebu nisaidie, ukitoa hivyo vyote kwenye injini kinabaki nini? Akacheka akajificha na faili. Kinabaki bloku jamani, bonge la chuma. Wananipa waranti ya chuma kisichoharibika, na hilo hawakulisema kwenye bango.

Nina binamu yuko Texas nikamsimulia, akaniambia hata kule hayo yapo ila wana pa kushikilia. Wana sheria ya waranti tangu 1975 inayomkataza anayetoa waranti kukulazimisha service ufanye kwake tu, labda kama anakufanyia bure. Akanikumbusha Hyundai mwaka 2015 waliitisha zirudishwe gari zao za Sonata za 2011 na 2012 kama 470,000 hivi kule Marekani kwasababu mabaki ya chuma ya kiwandani kwenye krenki yalikuwa yanaziba njia za oil kwenda kwenye metali, yaani ugonjwa ule ule wa metali kukosa oil, tofauti wao uchafu ulitoka kiwandani na wangu ulitoka kwenye tyubu ya silikoni. Na baadae waliongeza waranti ya injini zile kwa waliokuwa nazo. Wale walikuwa malaki ya watu wenye tatizo moja, mimi niko peke yangu na mama mkwe.

Kwetu huku nako si kwamba hamna kitu. Jirani yangu ni wakili, alinielekeza kwa kifupi tu pale kibarazani. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, ukinunua kwa mtu ambaye ndo biashara yake na amejua unataka kitu kwa kazi gani, kitu kinatakiwa kifae hiyo kazi, waranti ya karatasi iwepo isiwepo. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu mkubaliane vingine wazi wazi, ndo maana angalieni kama fomu ina maneno ya "gari linauzwa kama lilivyo". Yangu haikuwa nayo. Halafu kuna Tume ya Ushindani, FCC, ile iliyoundwa na sheria ya 2003, inapokea malalamiko ya walaji. Nikaandika barua fupi, nikaambatanisha risiti ya service, picha za bolti, video, na barua yao ya kukataa, nikapeleka, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ile nakala ya muhuri nikawapelekea yadi kwa mkono, sikuongea neno, nikamwachia mapokezi.

Kesho yake simu. "Dada'angu habari za nyumbani". Nimerudishwa kwenye ukoo.

Tuliishia hivi: wao wanalipa injini nyingine, mimi nalipa ufundi, bredauni hawarudishi, hatutajani majina, na malalamiko nayafuta. Jirani yangu alisema ningekomaa ningepata zaidi, inawezekana, ila gari lilikuwa limelala, daladala na mizigo ya biashara nimechoka, na mimi hela ya injini ndo nilikuwa nataka. Nilikubali kwa sharti injini nichague mimi na fundi wangu na siyo wao waniletee.

Tukaenda Shaurimoyo kule Ilala. Tukapata used ya Japani, milioni mbili na laki tatu, nusu injini bila stata wala alteneta, hivyo tumehamisha vya kwangu. Muuza spea, mzee wa Kipemba, waranti yake ni maneno kwenye risiti kwa peni, "wiki mbili, ikivuta moshi au ikigonga rudisha". Kabla hatujabeba fundi wangu alifungua mfuniko wa juu kuangalia kama kuna uchafu mweusi wa oil iliyoganda, akazungusha krenki kwa mkono, akashusha na sampo pale pale dukani. Mzee hakusema kitu, kaleta na kigoda tukae. Ilipofungwa kwenye gari ikawa na mvujo kidogo kwenye sili ya nyuma ya krenki, tukampigia, akatuma sili mpya na boda bila kuuliza risiti iko wapi. Huyo nampa tano.

Sasa kwa anayetaka kununua pale au yadi nyingine yoyote. Makaratasi wako vizuri, bei zinaongeleka, usafi wa gari sina neno. Gereji yao ni chumba na jeki mbili, usipeleke kitu cha maana. Rangi nyeusi ya chini ukiiona muite fundi wako alale na tochi aangalie maungio ya sampo na giaboksi kabla hujatoa hata ya advansi, wakikataa gari kuinuliwa ondoka. Na fomu ikiwa na aya kama ile ya sehemu za ndani, waambie waifute kwa kalamu, waandike pembeni "pamoja na metali, ringi, krenki na pampu ya oil", wasaini na kugonga muhuri hapo hapo. Wakigoma, muulize bosi wao injini used ya hilo gari Shaurimoyo inauzwaje, halafu akupunguzie hiyo hela kwenye bei.