Ringer Lactate ya ml 500: dripu ya nyumbani kwa paka mzee mwenye figo mbovu

Ukiingia famasi yoyote kubwa Mbeya, Mwanjelwa au Uyole, utaikuta rafuni: chupa ya plastiki ya ml 500, imetengenezwa kwa ajili ya binadamu. Kwa paka wa miaka 12 na kuendelea mwenye ugonjwa sugu wa figo, ni vitu vichache vinavyouzwa mjini vyenye msaada wa kuifikia. Haiponyi figo. Figo zilizochakaa hazibani maji, kwa hiyo paka anakojoa sana, kiu haifidii, mwili unakauka, uchafu unajaa kwenye damu na hamu ya kula inakata. Dripu ya chini ya ngozi inazuia ule ukavu, na kwa kuwa haiingii kwenye mshipa, daktari wa mifugo akishamfundisha mwenye paka mara moja au mbili, kazi inafanyika nyumbani.

Kabla ya kununua, apimwe damu. Maabara za binadamu zinaweza kupima kreatinini ya paka (uchafu wa kwenye damu ambao figo ndizo huutoa), lakini kiwango cha kawaida kilichochapishwa pembeni ya majibu ni cha mtu, kisikutishe wala kukutuliza. Kwa paka, 140 hadi 250 kwa kipimo cha mikromoli kwa lita ni hatua ya pili ya ugonjwa wa figo, 251 hadi 440 ni ya tatu, zaidi ya hapo ni ya nne. Paka wa hatua ya pili anayekula vizuri na hajakauka kwa kawaida hahitaji dripu. Wengi huanza hatua ya tatu.

Kinachoipa Ringer alama za juu ni kilichomo: karibu milimoli 130 za sodiamu kwa lita na 4 za potasiamu. Normal Saline, dripu ya maji ya chumvi, ina 154 za sodiamu na haina potasiamu kabisa, wakati paka wa figo anaipoteza potasiamu kwenye mkojo. Ikishuka sana misuli inalegea, shingo inainama, kidevu kinaelekea kifuani. Saline inaweza kuziba pengo siku Ringer imekosekana, ila siyo ya kudumu nayo. Muuzaji akikwambia Ringer imeisha uchukue DNS au D5, kataa. Zile zina sukari, na sukari chini ya ngozi inaumiza nyama, inavuta maji ya mwili kuja pale ilipo, na inaweza kuleta jipu.

Mrija wa dripu ni mzuri, sindano yake ndiyo dhaifu. Mara nyingi unakuja na ya kijani, G21, ambayo inachukua muda mrefu kupitisha ml 100, na paka mzee hana subira hiyo. Nunua za waridi, G18, pembeni. Ni nene, lakini zikiwa mpya zinapita haraka na kazi inaisha kwa dakika chache. Sindano moja, mchomo mmoja: ikirudiwa inakuwa butu na inabeba vijidudu. Dripu ikisita chupa ikiwa nusu, fungua kifuniko kidogo cha hewa kilicho kwenye mrija, maana chupa ngumu isiyoingiza hewa haimwagi.

Alama za ml kwenye chupa haziaminiki, hasa chupa ikibonyea. Tumia mizani ya jikoni: ml 1 ni karibu gramu 1, kwa hiyo chupa ikipungua gramu 100, paka amepata ml 100. Paka wa kilo 4 mara nyingi huandikiwa ml 100, kuanzia mara mbili kwa wiki hadi kila siku. Kiasi na ratiba apange daktari.

Kwa nyanda za juu, tatizo kubwa ni baridi. Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, chupa iliyolala kabatini inakuwa kama maji ya kisima cha alfajiri. Kumwingizia paka wa kilo 3 ml 100 za namna hiyo ni kumpoza mwili mzima, na ndipo anapoanza kukimbia akiona chupa tu. Iweke kwenye ndoo ya maji ya moto ambayo mkono unavumilia, dakika 10 hadi 15. Dondosha matone kwenye kiganja upande wa ndani: usisikie baridi wala moto. Usiibandike jikoni, wala usiiweke karibu na mkaa.

Toa hewa kwenye mrija kwanza. Ning'iniza chupa kwenye nondo ya dirisha, mita moja au zaidi juu ya paka. Inua ngozi katikati ya mabega, ingiza sindano chini ya mkunjo, mdomo wake ukiangalia juu, sambamba na mgongo. Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili. Ukimaliza, bana tundu kwa vidole dakika moja. Uvimbe laini utabaki na huenda ukateremka hadi mguu wa mbele. Unanyonywa ndani ya saa kadhaa. Kesho yake ukiwa bado upo, usiongeze, mpigie daktari.

Chupa iliyofunguliwa ibaki na mrija wake ukiwa umefungwa, imwagwe baada ya wiki moja, au mapema ikipata ukungu.

Isinunuliwe kwa paka mwenye moyo mbovu kabla daktari hajamsikiliza kifua, na wazee wengi wana moyo na figo kwa pamoja. Maji yakizidi yanakwenda kwenye mapafu. Hesabu pumzi akiwa usingizini: chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Zikipita 40, au akihema mdomo wazi, funga dripu na umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.