Stadsherstel Amsterdam: kampuni inayookoa magofu ya kando ya mifereji

Tangu 1956 kampuni hii hununua nyumba za kale za Amsterdam zilizokaribia kuanguka, ikazikarabati na kuzipangisha. Wenye hisa waliridhia gawio lisilozidi asilimia 5. Busara yake kubwa ilikuwa kuanza na nyumba za kona: kona ikisimama imara, majirani nao hupata moyo wa kutengeneza zao.

Kazi yenyewe iko chini ya sakafu. Nyumba hizi hukaa juu ya nguzo za misonobari zilizopigiliwa kupita mboji na matope hadi kwenye mchanga, kama mita 12 chini. Vichwa vya nguzo vikibaki ndani ya maji, hudumu karne nyingi. Maji ya ardhini yakishuka, hewa huingia, kuvu hula mbao, na nyumba huanza kulalia upande. Dawa ni kubomoa sakafu ya chini, kushindilia mabomba ya chuma vipande vipande huku yakilehemiwa, kisha kumwaga zege nene lenye nondo, ambalo kingo zake huingia katika matundu yaliyochongwa ukutani. Matundu huchongwa kwa kupokezana. Yakichongwa yote kwa pamoja, ukuta hushuka. Na kwa kuwa ukuta wa kati ni wa nyumba mbili, mwenye nyumba anayetengeneza peke yake humwachia jirani nyufa. Kampuni yenye nyumba kadhaa mtaa mmoja ina nafasi nzuri zaidi hapo.

Ukuta wa mbele ukiinamia barabarani, usiogope: kuta nyingi zilijengwa hivyo makusudi, ili mizigo inayovutwa kwa kapi isigonge madirisha. Wa kutiliwa shaka ni ule ulioinamia ubavuni.

Matofali ya zamani yanataka chokaa. Saruji ni ngumu kuliko tofali, hufungia unyevu ndani, na baridi ikigandisha maji hayo uso wa tofali hubanduka. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja wanaujua ugonjwa huo kwenye kuta za mawe ya matumbawe, ingawa kule adui ni chumvi, si barafu.

Kasoro ipo. Ukarabati wa miaka ya 1950 na 1960 mjini Amsterdam ulithamini sura ya nje. Ngazi, dari na vyumba vya asili vingi vilipotea. Kwa kuona kazi nzuri kwa ndani, anzia Amstelkerk, kanisa la mbao la karne ya 17 lenye ofisi za kampuni, kisha De Duif, kanisa jingine, mtaa wa Prinsengracht.